"Sawa" ya mteja: nguvu inavyofanya kazi katika chumba cha ushauri nasaha

Mnasihi anamaliza kueleza kazi ya wiki: kila jioni mteja aandike mawazo yaliyomsumbua, saa yalipomjia, na alichofanya baada ya hapo. Anauliza, "Tumeelewana?" Mteja anaitikia, "Sawa." Wiki inayofuata daftari ni tupu. Wiki ya tatu mteja haonekani, na kwenye faili panaandikwa kwamba hakutoa ushirikiano. Hakuna aliyemuuliza daftari hilo angelificha wapi, katika chumba kimoja wanacholala watu watano, wawili kati yao wakiwa ndio chanzo cha mawazo yenyewe.

Neno "sawa" kwa Kiswahili lina kazi nyingi. Linakubali, linaahirisha, linafunga mazungumzo, na linamwondoa mdogo mbele ya mkubwa bila yeyote kuvunjiwa heshima. Mnasihi anayelipokea kama ridhaa kila anapolisikia atakosea mara nyingi, hata akiwa mtu mwema na msomi, kwa sababu haoni uzito wa kiti alichokalia.

Hata mahali pasipo na shikamoo hali ni hiyo hiyo. Mwaka 1994 mtafiti David Rennie wa Kanada alichapisha uchunguzi ambao ndani yake wateja walisikilizishwa kanda ya kikao walichotoka kukifanya, wakaisimamisha popote walipotaka na kueleza walichokuwa wakiwaza dakika ile. Kwa mdomo walikuwa wamekubali. Moyoni wengine walikuwa wakipinga, au wakishangaa swali limetokea wapi. Walinyamaza kwa kuogopa kumkosoa mtaalamu, kwa kutaka kutimiza walichodhani anakitarajia, na kwa kuona wana deni kwake kwa kuwa anawasaidia. Ongeza juu ya hayo malezi yetu, ambamo mtoto anayembishia mkubwa hupewa jina baya kabla hoja yake haijasikilizwa, utaona kwa nini "sawa" inatoka upesi hivyo.

Humu "mnasihi" ni yeyote anayetoa tiba ya mazungumzo: mshauri nasaha, mwanasaikolojia, muuguzi, ofisa ustawi wa jamii, au daktari wa magonjwa ya akili anapoketi kusikiliza.

Nguvu imekaa kwenye vitu

Watu wakisikia habari ya nguvu kati ya mnasihi na mteja huwaza unyanyasaji: kufungwa kamba, kutukanwa, kushikwa vibaya. Hayo yapo na tutayafikia. Nguvu ya kila siku, hata hivyo, imekaa kwenye vitu vidogo vinavyoonekana: kalamu, saa ya ukutani, faili, risiti, kikombe cha dawa.

Tuanze na siri. Kufikia kikao cha nne mnasihi anajua mimba iliyotolewa, deni lililofichwa, majibu ya kipimo cha VVU ambayo mume hajaambiwa. Mteja anajua jina la mnasihi na cheti kilichotundikwa ukutani. Tofauti hiyo imewekwa kwa makusudi, maana saa ile ni ya mteja, na mnasihi anayejieleza sana anakula muda usio wake. Lakini ina gharama: mmoja ameshika kitu kinachoweza kumwangusha mwenzake, na mwenzake hajashika chochote. Kwa hiyo usiri ni deni analodaiwa mnasihi, na halifutiki mteja anapoacha kuja.

Kisha kalamu. Mteja anasema, "Nina mawazo mengi, moyo unakwenda mbio, usingizi hamna." Kwenye faili panaandikwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu, mara nyingi kwa Kiingereza ambacho mteja hasomi. Jina hilo litamtangulia kila aendako: kwa daktari wa zamu, kwenye fomu ya bima, kwa mwajiri aliyeomba barua, pengine mahakamani siku ya kugombea malezi ya watoto. Majina ya magonjwa yana faida kubwa. Bila hayo, mtu mwenye sonona kali angeendelea kuambiwa kwamba ni mvivu au amerogwa. Kinachodhuru ni jina kutolewa kimya kimya na mtu mmoja. Tiba yake inachukua dakika 3 mwishoni mwa kikao: mnasihi anasoma alichoandika, kwa lugha ya mteja, kisha anauliza, "Nimekosea wapi?" Hilo "wapi" lina kazi. Akiuliza "Nimekosea?" atajibiwa "hapana".

Anayelipa naye yumo chumbani hata kama hayupo. Kampuni imemtuma mfanyakazi kwa mnasihi baada ya ugomvi na meneja. Mfanyakazi anajua kwamba bili itakwenda ofisini. Hajui kama maneno nayo yatakwenda. Atazungumzia usingizi vikao vitatu mfululizo na hatamgusa meneja. Makubaliano na mwajiri yaandikwe kabla ya kikao cha kwanza, na mfanyakazi apewe nakala: mwajiri atapata idadi ya vikao na tarehe zake, hakuna kingine. Kwa kijana wa miaka 15 aliyeletwa na mama yake, mama aambiwe mbele ya kijana mwenyewe kwamba atajulishwa mambo matatu tu: kijana akiwa na nia ya kujiua, akiwa anadhuriwa, au akitaka kumdhuru mtu. Mengine yatabaki kwa kijana mpaka aamue kuyatoa. Hilo lisemwe mama akiwa bado ameketi, kabla hajatoka nje kusubiri, kwa sababu ahadi ya siri iliyotolewa wakati mzazi hayupo huvunjika siku ya kwanza mzazi anapouliza.

Na kikombe. Mwaka 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilifungua kliniki ya methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, kwa watumiaji wa heroini. Dawa hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, kwa sababu ya usalama: ikitoka nje ovyo inaweza kuuzwa, na kipimo cha mtu aliyezoea kinaweza kumuua asiyezoea. Utaratibu huu una mantiki, lakini tazama unavyoonekana kutoka upande wa pili wa dirisha. Asipokunywa leo, kesho mwili utauma. Mtu wa namna hiyo hawezi kumwambia mnasihi wa kliniki hiyo hiyo, "Jana ulinidharau." Ataogopa kikombe chake. Njia nzuri ni kutenganisha kazi: anayetoa ushauri nasaha asiwe mwenye sauti juu ya kipimo wala juu ya adhabu ya kuchelewa, na mteja aambiwe hivyo waziwazi, aone kwa macho kwamba ni watu wawili tofauti. Hata jina lina uzito hapo. Carl Rogers wa Marekani alilieneza neno "mteja" badala ya "mgonjwa" tangu miaka ya 1940 ili kumpa mtu hadhi ya mwenye kuamua. Mitaani Dar es Salaam na Mombasa, "teja" ni tusi la mtumiaji wa unga. Ukimwita "mteja" kwa nia njema, huenda akasikia lile tusi. Muulize angependa aitweje.

Nyuma ya vitu hivi vyote imesimama sheria. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe, Dodoma, ilianzishwa mwaka 1927, na ile ya Mathari, Nairobi, mwaka 1910, na majina hayo mawili bado hutumika majumbani kama vitisho: "Endelea hivyo tukupeleke Mirembe." Sheria ya Afya ya Akili ya Tanzania ya mwaka 2008 inaruhusu mtu kulazwa bila hiari yake kwa kufuata utaratibu. Kenya ilirekebisha sheria yake mwaka 2022 ikaandika haki za mwenye ugonjwa wa akili, ikiwemo kushirikishwa katika mpango wa tiba yake. Mteja anayeketi mbele ya daktari anajua kwamba mtu huyu anaweza, kwa sahihi yake, kusaidia kumfungia. Anachagua maneno. Ndiyo maana wengi wenye mawazo ya kujiua husema "niko salama" hata wakiulizwa kwa upole.

Tena mawazo hayo yana kesi yake ya kisheria. Nchini Tanzania, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Kenya ilikuwa na kifungu cha 226 cha namna hiyo mpaka Mahakama Kuu ilipokitangaza kuwa kinyume cha Katiba, Januari 2025. Chini ya sheria kama hiyo, kusimulia jaribio ni kama kukiri kosa mbele ya mtu mwenye kalamu. Mnasihi asiyelifahamu hili atashangaa kwa nini mteja amesema "nilikunywa dawa ya panya kwa bahati mbaya", naye ataliandika kama lilivyo.

Hisia zinazohamia

Mteja ambaye baba yake alikuwa mkali huanza, bila kujua, kumtarajia mnasihi awe mkali. Anachelewa dakika 10 na kuomba radhi kama aliyeiba. Mwingine, ambaye hakuna aliyewahi kumsikiliza kwa dakika 50 bila kushika simu, anampenda mnasihi kwa mapenzi ya kweli kabisa, yanayoumiza. Sigmund Freud aliandika juu ya hali hii mwaka 1915, akiwaonya madaktari wasidhani kwamba mgonjwa amevutwa na uzuri wao. Mapenzi hayo yamezalishwa na hali ya tiba yenyewe. Kuhamishia hisia ni jambo la kawaida na lina manufaa, kwa sababu hapo mnasihi anaona kwa macho yake namna mteja anavyoishi na wakubwa, wapenzi na walezi. Lakini linamweka mnasihi mahali pa mzazi. Maneno yake yanapata uzito usiolingana na elimu yake. "Labda ungeachana naye" ikitoka kwa rafiki ni maoni. Ikitoka kwake inaweza kuvunja ndoa wiki hiyo hiyo.

Hapo ndipo inapoeleweka kwa nini ngono kati ya mnasihi na mteja imekatazwa, hata pale mteja mtu mzima anaposema anataka. Ridhaa yake inatolewa na sehemu ile ile iliyokuja kutibiwa. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kiliandika katazo hilo waziwazi mwaka 1977. Kwa mteja wa zamani kinataka ipite angalau miaka 2, na hata hapo mtaalamu ndiye wa kuthibitisha kwamba hakuna unyonyaji. Chama cha washauri nasaha cha huko kinataka miaka 5. Madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani wamekataa kabisa, bila kuweka muda. Msimamo wa madaktari ndio unaostahili kufuatwa, kwani faili halisahau baada ya miaka 2, wala mteja hapotezi haki ya kurudi kutibiwa.

Jambo hili karibu kamwe haliji kwa kishindo. Kikao cha dakika 50 kinakuwa cha 70. Kinahamishwa kiwe cha mwisho, saa 11 jioni, msaidizi wa mapokezi akiwa ameondoka. Malipo yanasamehewa "kwa kuwa wewe ni mtu maalumu". Ujumbe wa usiku unaanza. Mnasihi anasimulia matatizo ya ndoa yake, mteja anampa pole, na hapo viti vimebadilishana. Kila hatua peke yake ina maelezo mazuri. Mnasihi anayeona hatua mbili za namna hii kwa mteja mmoja anapaswa kulipeleka kwa msimamizi wake ndani ya wiki hiyo, kabla hajapata maelezo ya hatua ya tatu. Dalili yenye kuaminika kuliko zote ni hii: kuna kitu kuhusu mteja huyo ambacho hataki msimamizi akijue.

Mpaka katika mji mnaojuana

Thomas Gutheil na Glen Gabbard, madaktari wa Marekani, mwaka 1993 walitenganisha kuvuka mpaka na kuvunja mpaka. Kuvuka ni kutoka kidogo nje ya desturi ya tiba bila kumdhuru mteja, pengine kwa faida yake. Kuvunja ni kule kunakomtumia. Tofauti hii ina thamani kubwa kwetu kuliko ilikotoka, kwa sababu katika mji mdogo mnasihi na mteja wanasali msikiti mmoja, wananunua mboga genge moja, na watoto wao wako darasa moja. Mwongozo unaomwambia mnasihi "epuka uhusiano wowote nje ya tiba" hausaidii kitu huko.

Chukua msiba. Mama wa mteja amefariki. Mnasihi asipofika, mteja atakumbuka kwamba katika siku ngumu kuliko zote mtu anayejua maumivu yake yote hakuonekana. Akifika, majirani watauliza huyu ni nani. Linalofaa ni kumuuliza mteja mwenyewe kwa simu: "Ungependa nije, au ungependa tuonane baadaye ofisini?" Akienda, akae kama waombolezaji wengine, asiketi na familia ya karibu, na awe amekubaliana na mteja jibu moja: "Tunafahamiana kikazi." Kikao kinachofuata waizungumzie ile siku.

Kadi ya mchango wa harusi ni ngumu zaidi. Mteja akimletea mnasihi kadi, kiasi kidogo cha kawaida kinaweza kupokelewa kama adabu, bila kuhudhuria sherehe. Mnasihi kumpa mteja kadi ya mchango ya mtoto wake ni kuvunja mpaka, hata kama mteja ni tajiri, kwa kuwa hakuna namna mteja anaweza kukataa. Ndivyo ilivyo kwa kikoba, upatu, biashara ya bidhaa za lishe, kiwanja kinachouzwa. Kipimo ni kimoja: je, mteja anaweza kusema hapana leo na kesho akaja kwenye kikao bila woga? Kama jibu halijulikani, jambo hilo lisifanyike.

Kuku, embe au kitenge kilicholetwa baada ya miezi ya tiba kinaweza kupokelewa kwa shukrani na kuandikwa kwenye faili: nini, lini, katika hali gani. Zawadi inayokuja kila wiki ina swali ndani yake. Mara nyingi mteja anaona anadaiwa, au anaogopa kuachwa.

Simu imeleta mipaka ambayo miongozo ya zamani haikuiwaza. Mteja aliye kwenye orodha ya mawasiliano ya mnasihi anaona hali zake za WhatsApp: harusi, mikutano ya siasa, aya za dini. Mnasihi naye anaona za mteja saa 8 usiku na kujua kwamba hakulala. Laini ya kazi iwe tofauti, isiyowekwa hali yoyote, na saa za kujibu zitajwe mapema. Malipo ya simu nayo huacha nyayo. Ujumbe wa M-Pesa unaonyesha jina la aliyepokea, na mume au mama anayeshika simu hiyo atausoma. Akaunti iliyosajiliwa kwa jina linalotaja afya ya akili imekwisha kutoa siri. Mteja aulizwe kikao cha kwanza: nani mwingine anashika simu yako?

Nguvu inapogeuka

Mnasihi ana miaka 27, mteja ana 58. Mnasihi anaanza kwa "Shikamoo mzee," na kuanzia hapo anatakiwa aulize kuhusu pombe, uume na watoto wa nje. Mzee anajibu kama anavyomjibu kijana wa jirani, kwa mithali. Kijana anaona haya na kuruka maswali matatu ya muhimu. Hapa umri umekuwa na nguvu kuliko cheti, na anayeumia bado ni mteja. Heshima haihitaji kuondolewa, inahitaji kupewa kazi: "Mzee, shikamoo. Kazi yangu itanilazimu kukuuliza mambo ambayo mtoto hamuulizi baba. Naomba ruhusa yako sasa, na ukiona nimepita kiasi uniambie 'ruka hilo', nitaruka."

Kinyume chake ni mnasihi mwanamke wa makamo ambaye wateja vijana wanamwita "mama". Neno tamu, na kwa siku mbaya linafariji. Ila mama hukasirika, mama hukata tamaa na mwanawe, na mwana hamwambii mama kwamba amerudi kwa yule mwanaume anayempiga. Ataficha mpaka afike na jicho lililovimba. Yafaa mnasihi aseme mapema, "Ukirudi kwake sitakukasirikia, na nataka nijue," na siku itakapotokea athibitishe kwa uso wake.

Huko Harare, Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na bibi 14 wa mtaa wa Mbare, akawafundisha kutoa tiba fupi ya kutatua matatizo wakiwa wameketi na wateja kwenye benchi nje ya zahanati. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilihusisha watu 573, na waliopitia benchi walipata nafuu kubwa kuliko wenzao waliopewa huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Wengi wamesimulia habari hii kana kwamba benchi limeondoa nguvu. Bibi ana nguvu zake. Alichoondoa ni dawati, faili lenye lugha ngeni na koti jeupe. Alichobaki nacho ni umri, na mjukuu habishani na bibi. Hatua ya kwanza ya tiba hiyo kwa Kishona huitwa kuvhura pfungwa, yaani kuifungua akili, na ndani yake mteja ndiye anayeorodhesha matatizo na kuchagua moja la kuanza nalo. Muundo huo unamzuia bibi asimwamulie. Mafunzo ya watu wa kawaida yanayoiga benchi na kuacha muundo yatazalisha washauri wa kienyeji wenye fulana.

Mchungaji au ustadhi anayetoa ushauri nasaha yuko katika hali ngumu kuliko wote, maana huyo huyo ndiye anayefungisha ndoa, anayemtambua mtu kama muumini mwema, na anayepanda mimbarini siku ya ibada. Muumini atasikiliza hotuba ya wiki ijayo akitafuta kisa chake ndani yake. Akitaka kufanya kazi hii kwa haki, aahidi kutotumia kisa chochote cha ushauri kama mfano, hata kwa kubadilisha majina, na mambo ya ukatili wa ndoa ayapeleke kwa mtu asiye na mamlaka ya kidini juu ya wawili hao.

Dakika 15 za mwanzo

Fomu ya ridhaa iliyosainiwa mapokezi, mteja akiwa amesimama na kalamu ya kuazima, haina thamani. Ridhaa inazungumzwa. Katika dakika 15 za kikao cha kwanza mteja anatakiwa asikie mnasihi amesomea nini na amesajiliwa wapi (Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, na bodi yake inasajili). Kikao ni dakika ngapi na bei gani, na kukosa kuja kunagharimu nini. Nani anasoma faili. Nani anamsimamia mnasihi na kwamba visa hujadiliwa naye bila majina. Asikie pia mahali siri inapoishia. Tangu uamuzi wa mahakama ya California katika kesi ya Tarasoff, mwaka 1976, wataalamu wengi duniani hufundishwa kwamba tishio la kweli dhidi ya mtu anayejulikana halifichwi. Kwa watoto, Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii mwenye taarifa za mtoto kuvunjiwa haki azifikishe kwa mamlaka ya mtaa. Mteja ayajue haya kabla ya kufungua mdomo. Anayeyajua baadaye ataona ametegwa, na atakuwa na haki kuona hivyo.

Deni la fedha nalo lizuiwe mapema. Mteja anayedaiwa vikao vitano hawezi kulalamika. Ni bora kupunguza bei, au kumpeleka kwenye huduma ya bure, deni linapofika vikao viwili.

Kuuliza ili upate jibu

Kipimo kifupi cha kikao kilichotungwa na Scott Miller, Barry Duncan na wenzao kina mistari minne, kila mmoja wa sentimita 10. Mteja anaweka alama: nimesikilizwa na kuheshimiwa kiasi gani, tumezungumza nilichotaka kiasi gani, namna ya kufanya kazi imenifaa kiasi gani, kikao kwa jumla kimekuwaje. Jumla ni 40, na chini ya 36 kunahitaji kuzungumzwa papo hapo. Asiyesoma anaweza kuhesabiwa punje 10 za maharage kwa kila swali.

Huku kwetu tatizo la kipimo hiki linafahamika: karibu kila mteja anatoa 40, kila wiki. Hiyo ni "sawa" iliyovaa namba. Mnasihi anayeifurahia amepoteza karatasi. Inasaidia kusema kwamba 40 kwangu haina faida, nitafutie kitu kimoja cha kurekebisha, hata kidogo. Inasaidia zaidi kuuliza kitu mahususi kilichokwisha kupita: "Leo, ni swali gani langu lililokukera au lililokuchosha?" Tena siku mteja anapotoa lawama ya kwanza, uso wa mnasihi ndio utakaoamua kama kutakuwa na ya pili. Asijitetee. Aandike, ashukuru, abadilishe kitu kinachoonekana wiki ijayo, hata kama ni kuhamisha kiti kisielekee mlango.

Kwa kazi ya nyumbani kama ile ya daftari, badala ya "Tumeelewana?" aulize, "Nini kitakachokuzuia?" Swali hilo linachukulia kizuizi kuwa jambo la kawaida, na mteja hana haja ya kumkatalia mtu. Atasema daftari litasomwa. Basi wataona kama anaweza kuhesabu kwa kuhamisha shanga kutoka mfuko mmoja hadi mwingine.

Mambo yakiharibika

Mteja aliyedhuriwa aandike kwanza: tarehe, saa, maneno kama yalivyosemwa, na ahifadhi ujumbe wa simu mahali pengine nje ya simu hiyo. Kisha apeleke lalamiko kwa msimamizi au uongozi wa kituo kwa maandishi, akiomba sahihi ya kupokelewa. Kama mnasihi amesajiliwa, bodi au baraza lake lina mamlaka juu ya usajili huo. Kuguswa kingono au kubakwa ni jinai na kunakwenda polisi moja kwa moja, bila kusubiri kamati ya kituo. Anaweza pia kuomba taarifa zake: Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 zote zinampa mtu haki ya kufikia taarifa zinazomhusu. Lalamiko hudhoofika pale kituo kinapomwita mteja na mnasihi "wasuluhishwe" chumba kimoja. Asikubali. Ana haki ya kusikilizwa peke yake, na ya kwenda na mtu anayemwamini.

Na yule aliyesema "sawa" akapotea? Atumiwe ujumbe mmoja, usiotaja ushauri nasaha wala jina la kituo: "Habari za siku. Nafasi yako ya Alhamisi ipo mpaka tarehe 20. Kama kuna kitu hakikukufaa ningefurahi kukisikia, na ukipenda mtu mwingine nitakuelekeza." Asipojibu, afungiwe faili kwa maneno yanayosema tarehe na kilichotokea. Pale panapotaka sababu, paandikwe "haijulikani".